Mjomba, wapwa na njia ya Kwihara

Katika mitaa yetu ya Sikonge mjomba hujulikana kwa mambo mawili: noti ya Sikukuu ya Idi na ukali wa kuuliza matokeo ya mtihani. Akishatoa noti na kukemea, hujihesabu kuwa amekwisha kuunga udugu. Likizo ikifika, wapwa hubaki kwenye mabani ya tumbaku au mbele ya runinga ya jirani, naye yuko barazani na kahawa yake. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi dada yangu aliponiambia kwa upole kwamba wanawe wanamfahamu kondakta wa basi kuliko wanavyonifahamu mimi.

Maneno hayo yaliniuma. Nilikumbuka kisa cha binti wa Hamza (R.A.). Baba yake alikufa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiondoka Makka baada ya Umra ya mwaka wa 7, binti yule alimfuata akimwita ami. Ali, Zaid na Jaafar wakashindania kumlea. Mtume akampa Jaafar kwa kuwa mkewe alikuwa khala wa mtoto, akabainisha kwamba khala yuko katika daraja ya mama. Kisa hiki husomwa zaidi katika mlango wa ulezi wa mtoto. Mimi naona kinatuhusu pia sisi ambao wapwa wetu wazazi wao wangali hai.

Basi Jumamosi moja ya likizo niliwachukua wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, tukapanda basi la asubuhi hadi Tabora, kilomita zipatazo 70. Jirani alishangaa kuona nimewachukua wasichana. Kwa maoni yake wangebaki jikoni na mama yao. Amesahau kwamba Mtume alisimama akimsitiri Bibi Aisha kwa shuka yake, naye akawatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini mpaka alipotosheka mwenyewe.

Kwihara iko nje kidogo ya mji. Hapo ndipo penye tembe aliyokaa Stanley mwaka 1871, akarejea na Livingstone mwaka 1872. Watoto walizipita upesi habari hizo za Wazungu. Walichopenda ni ubaridi wa kuta nene za udongo, na miembe, nikawaeleza kuwa embe lilifika bara na watu wa misafara. Nikawaambia pia kwamba mpagazi wa Kinyamwezi alibeba hata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa miguu hadi pwani, safari ya miezi. Mvulana mkubwa akambeba mdogo wake mgongoni apime. Hatua 50 hazikutimia, wote wawili wakawa chini mavumbini. Sijacheka hivyo kwa miaka mingi.

Kisha msichana wa miaka 9 akauliza: “Mjomba, waliowafunga watu minyororo walikuwa Waislamu?”

Wapo wazee wanaoshauri swali kama hilo likwepwe, lisije likawa silaha mikononi mwa wasioipenda dini yetu. Sikubaliani nao. Mtoto atalisikia darasani, na heri alisikie kwanza kutoka kwa mtu anayempenda. Nilimjibu kuwa ndiyo, wafanyabiashara wengi wa Unguja na Omani waliopita hapa walikuwa Waislamu, na kwamba wapo watemi wa bara walioshiriki. Nikamwambia kuwa Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Sura ya Al-Balad inataja kumwacha huru mtumwa kuwa ndiko kupanda njia nzito ya mlimani. Waliokuwa wakiisoma walikuwa wengi, na bado watu walinunuliwa.

Akanyamaza, akichora ardhi kwa kijiti. Kisha: “Na wajomba wao walikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Tulirudi mjini, tukaswali Adhuhuri, tukala wali kwa maharage, na wavulana wakagombania kiti cha dirishani. Kufika nusu ya njia wote walikuwa wamelala, yule wa maswali ameegemea bega langu.

Sasa wanataka Ujiji, kwa treni, shule zikifungwa Desemba. Nimeanza kuweka akiba ya nauli.