Kansa na "madaktari" wa video za dakika moja

Siku hizi hapa Masumbwe mama akigusa kivimbe kwenye titi, kabla ya kwenda zahanati anafungua simu. Huko anamkuta mtu kavaa koti jeupe, kashika majani ya mstafeli, anaapa kuwa yanaua kansa mara 10,000 kuliko dawa za hospitali. Mwisho inatokea namba ya kuagizia.

Majani hayo yamejaribiwa kwenye chembe za kansa ndani ya vichupa vya maabara. Haijathibitishwa kuwa yanamponya mtu. Na chembe ya kansa kichupani hata ukiimwagia jiki itakufa. Nani atakunywa jiki? Video haisemi ni kansa ipi, imefikia hatua gani, wangapi walipewa na wangapi walizikwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa video 150 za YouTube kuhusu kansa ya tezi dume. Asilimia 77 zilikuwa na upotoshaji au upendeleo, ama kwenye video yenyewe ama kwenye maoni ya watazamaji. Zilizopendwa zaidi ndizo zilizokuwa na ubora mdogo. Kwa hiyo usiniambie "imetazamwa na watu laki tano". Hata Samunge, Loliondo, mwaka 2011 foleni ya kikombe cha shilingi 500 ilikuwa ya kilomita nyingi.

Kwetu Waislamu liko tatizo la ziada. Muuzaji anaifunika bidhaa yake kwa dini. Habbat sauda na asali tunazo majumbani na hakuna anayezigombania. Ninachokipinga ni mtu kulitumia jina la Mtume (s.a.w.) kumwambia mgonjwa aache hospitali. Suratul Hujurat aya ya 6 imetuamrisha kuzichunguza khabari. Sisi tunazisambaza kwenye makundi ya WhatsApp kabla hata video haijaisha!

Hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni video zinazodai chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inaua uzazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haiharibu uzazi. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe, maana matibabu yake mara nyingi ni kukitoa kizazi au kukipiga mionzi.

Wanaume wenzangu, nauli ya Mwanza inauma, najua. Lakini Bugando ndiko kwenye mionzi na dawa za kansa kwa Kanda yetu ya Ziwa, na kivimbe cha titi kinachowahiwa kina nafasi kubwa ya kupona. Mgonjwa aanzie kituo cha afya, apewe rufaa. Kama anatumia mitishamba asimfiche daktari, kwani baadhi hugongana na dawa za kansa.