Uzi na Jiwe Vimeishinda Programu Yangu

Wasomaji, nimepotea humu kwa wiki kadhaa. Leo nimerudi na neno ambalo huenda likaninyima kazi. Nisikilizeni kwanza, ubishi baadaye.

Mimi ni mwandishi wa programu. Siku hizi karibu kila mwenye mradi wa elimu anayenipigia simu anataka kitu kimoja: maabara ya kwenye kompyuta. Mwanafunzi anabofya, kioevu kinabadilika rangi kwenye skrini, jibu linatoka. Hakuna glasi ya kuvunjika, hakuna asidi ya kumwagika, hakuna msaidizi wa maabara wa kulipwa. Nimeziandika programu hizo mwenyewe. Na leo nasema wazi: zikitumika badala ya majaribio yenyewe, zinafundisha uongo.

Mwaka 2024 niliandika programu ndogo ya pendulamu, yaani jiwe linalobembea kwenye uzi. Unachagua urefu wa uzi, unabofya, saa inahesabu, kisha unatafuta nguvu ya mvutano wa dunia, ile g ya fizikia. Nikaipeleka katika shule moja ya kutwa hapa Sultan Hamud, Kidato cha Tatu. Kompyuta 4, wanafunzi zaidi ya 40. Ilikwenda vizuri mno. Kila kundi lilipata 9.8. Mwalimu akafurahi, nami nikajipiga kifua.

Kisha stima ikapotea.

Kipindi kilikuwa bado. Mwalimu akatoa uzi wa katani, ule wa kusukia viondo, wanafunzi wakaokota mawe nje. Uzi wa mita 1, saa ya simu, mibembeo 20. Kundi la kwanza likapata sekunde 41. Piga hesabu uone: g inatoka 9.4.

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, uzi wetu ni mbovu."

Kundi la pili hawakuuliza chochote. Walifuta 9.3 yao wakaandika 9.8.

Nilishikwa na aibu, jamani. Wale watoto si wadanganyifu. Ni mimi niliyewafundisha, kwa nusu saa tu, kwamba jibu liko tayari mahali fulani na kazi yao ni kulifikia. Kipimo kikikataa, basi kipimo ndicho kibaya.

Bahati nzuri mwalimu alikuwa mwalimu kweli. Hakuwapa jibu. Aliwauliza, "Mlipima kutoka wapi mpaka wapi?" Kumbe walipima uzi mpaka kwenye fundo. Jiwe lenyewe hawakulihesabu, na katikati yake iko sentimita 5 chini ya fundo. Weka mita 1.05 badala ya 1, sekunde zile zile 41, na g inakuwa 9.86. Darasa lililipuka kwa kelele! Kwa programu yangu hakuna aliyepiga kelele.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kosa lile lilikuwa somo lenyewe. Katika programu, kosa haliwezi kuwepo mpaka mimi niliandike. Programu inajua nilichojua mimi tu. Jiwe linajua zaidi yangu.

Sasa najua kuna atakayesema: wewe una bahati, shule zetu hazina vifaa. Haya, tuzungumze vifaa. Mwaka 1998 Kenya na Japani, kupitia JICA, zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari. Makueni ilikuwa miongoni mwa wilaya 9 za kwanza za majaribio. Mojawapo ya nguzo za mradi ule ilikuwa kubuni vifaa kutokana na vitu vilivyopo. Kwa hiyo wazo hili si geni kwetu. Tulipewa nyumbani kwetu kabla ya wengi, kisha tukaanza kusubiri skrini.

Na vitu vilivyopo Ukambani ni vingi. Vijiji vyetu vina mabwawa ya mchanga. Kwa nini maji yaliyojificha mchangani hayakauki haraka kama ya bwawa la wazi? Chukua mkebe wa lita 1, ujaze mchanga mkavu wa mtoni, mimina maji polepole ukiyapima. Mkebe "uliojaa" utapokea kama theluthi moja ya lita, pengine zaidi. Uweke juani kando ya mkebe wa maji matupu, uipime yote kila siku kwa mizani ya duka. Hilo ni jaribio la fizikia, na linahusu maji anayokunywa mwanafunzi mwenyewe.

Mwaka 2019 mwalimu Peter Tabichi wa Keriko, kule Njoro, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Wanafunzi wake walifika kwenye mashindano ya kimataifa ya sayansi Arizona, Marekani. Kilichowafikisha huko ni klabu ya sayansi na mwalimu aliyewaacha wajaribu.

Wengi wetu hatukupata hivyo. Mimi nilishika byureti mara ya kwanza nikiwa Kidato cha Nne, mtihani wa vitendo wa KCSE ukiwa umekaribia. Tulifanya mazoezi ya mtihani, tukayaita majaribio.

Msinielewe vibaya. Sijasema tuzitupe kompyuta. Atomu huwezi kuifunga kwenye uzi, na mionzi si ya kuchezea. Kwa mambo hayo kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, tangu 2002, na ni ya bure. Simu nayo ni kifaa kizuri cha kupimia: phyphox, iliyotengenezwa Aachen, Ujerumani, inasoma vihisi vya simu yako bila malipo. Tofauti ni kwamba hii inapima dunia halisi, na ile yangu ilikuwa inaiigiza.

Kwa nini napiga kelele sasa? Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa CBC waliingia Gredi ya 10, na mkondo mmoja kati ya mitatu ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Shule zitataka maabara haraka, na wauzaji wa programu watakuwa mlangoni. Tuliahidiwa vipakatalishi 2013, zikaja tabuleti 2016. Tusirudie wimbo ule.

Mkuu wa shule, mzazi wa bodi: akija mtu kama mimi na maabara ya kubofya, muulize swali moja. "Programu yako inaweza kumpa mwanafunzi jibu ambalo wewe hukulitarajia?" Akikosa la kusema, pesa hizo nunua byureti, mizani na mita za umeme, zinazobaki mlipe msaidizi wa maabara. Na maabara ifunguliwe tangu muhula wa kwanza.

Uzi na mawe, njooni mchukue hapa Sultan Hamud. Hatuuzi.