Tuwalinde Wazazi Wetu Wasianguke Bafuni

Kila Mwislamu anajua kwamba Mwenyezi Mungu ameiweka amri ya kuwatendea wema wazazi sambamba na amri ya kumwabudu Yeye peke Yake, na kwamba ameutaja kwa namna ya pekee wakati wa uzee wao. Mafundisho hayo tunayasikia katika hotuba za Ijumaa, tunawafundisha watoto wetu, na kila baada ya sala tunawaombea rehema wazazi waliotulea tulipokuwa wadogo. Pamoja na hayo yote, katika nyumba nyingi tulizoingia kumo chumba kidogo kimoja ambamo wema huo haujafika bado. Chumba hicho ni bafu na choo.

Si muda mrefu uliopita tulikwenda kumjulia hali mama mmoja mzee, mwanajamaa wa msikiti wetu. Mwanawe alikuwa amekikarabati chumba cha kuogea kwa ajili yake, akaondoa sakafu ya saruji iliyochakaa na kuweka marumaru nyeupe zenye kung'aa. Siku chache baadaye mama aliamka kabla ya alfajiri, akaingia bafuni kutawadha, akapiga komeo kama ilivyo desturi yake. Alipoinua mguu mmoja auoshe chini ya bomba, mguu wa pili uliteleza. Alianguka kwa ubavu na kuvunjika nyonga. Wanawe walisikia kishindo, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani tena hufungukia ndani, nao mwili wa mama ulikuwa umeuegemea. Ilibidi wauvunje taratibu kwa hofu ya kumwumiza zaidi. Tulipokuwa tukiagana na mwanawe alituambia kwa machozi, "Mimi ndiye niliyemwangusha mama yangu. Marumaru zile nilizinunua mimi."

Maneno hayo yalitutia majonzi, na ndiyo yaliyotusukuma kuandika tahariri hii. Kijana yule hakukosa mapenzi. Alichokosa ni kujua, na katika jambo hili wengi wetu hatuna ujuzi zaidi yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufariki dunia kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ndizo nchi kama zetu. Miongoni mwa ajali zinazoua bila kukusudiwa, kuanguka kunafuata nyuma ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60. Tumezoea kuogopa mabasi na pikipiki, na tuna haki ya kuyaogopa. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoiogopa sakafu iliyolowa?

Sababu zake zaeleweka kwa mwenye kutafakari. Kadiri umri unavyosonga, misuli ya mapaja hudhoofu, macho hupungukiwa na nuru, na mwili huchelewa kujizuia unapoyumba. Mifupa nayo hupoteza uimara, hasa kwa akina mama baada ya kukoma hedhi. Mzee anapoinuka ghafla kutoka kitandani, shinikizo la damu laweza kushuka akaona kizunguzungu. Na baadhi ya dawa za shinikizo hilo humfanya aende haja ndogo mara kwa mara, hata usiku wa manane. Sasa mtu huyu mwenye magoti mazito anaingia katika chumba chenye maji, sabuni na giza, tena kisicho na kitu cha kushika. Je, tutashangaa akianguka?

Wako wanaosema kwamba ajali ni kadari, na kwamba lililoandikwa litakuwa. Hapana shaka kila jambo liko katika ujuzi wa Mwenyezi Mungu. Lakini Mtume s.a.w. alimwelekeza yule aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwamba amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na tumefundishwa kwamba kuondoa njiani kitu chenye kudhuru ni sehemu ya imani. Ikiwa tunapata thawabu kwa kuondoa mwiba katika njia ya wapita njia tusiowajua, itakuwaje tuuache utelezi katika njia apitayo mama yetu mara kumi kwa siku? Tawakali isiyotanguliwa na juhudi ni uzembe uliovikwa kanzu.

Basi na tuangalie yapasayo kutendwa. Mengi hayahitaji fedha nyingi, na mengine hayahitaji fedha kabisa.

La kwanza ni sakafu. Marumaru laini zinazong'aa hazifai bafuni. Anayejenga achague zile zenye uso wa kukwaruza, au asakafie kwa saruji na kumwagiza fundi apitishe ufagio juu yake kabla haijakauka ili ibaki na mikwaruzo. Aliyekwisha kuweka marumaru laini atandike mkeka wa mpira unaong'ang'ania sakafu; asitandike matambara wala magunia, kwani hayo huteleza pamoja na anayeyakanyaga. Ute wa sabuni na ukoga wa kijani usuguliwe kila wiki. Sakafu iwe na mwinamo wa kupeleka maji kwenye tundu lake yasituame. Kandambili zilizolika nyayo zitupwe, na mzee apewe viatu vya mpira vyenye kushika vizuri. Na kanga au kikoi kinachoburura kipandishwe kabla ya kuingia.

La pili ni kitu cha kushika. Kila mzee huingia bafuni akipapasa ukuta, naye hushika chochote akipatacho: bomba la maji, ukingo wa sinki, au chuma cha kutundikia taulo. Vyote hivyo havikuwekwa kubeba uzito wa mtu, navyo hung'oka saa ile ile anapovihitaji. Fundi wa kuchomelea aweza kutengeneza kishikio kwa bomba la chuma lenye unene wa sentimita 3 hadi 4, ambao kiganja huweza kuuzunguka. Baina ya chuma na ukuta ibaki nafasi ya kama sentimita 4, vidole vipite lakini mkono wote usinase. Kwa watu wengi kimo cha sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni hufaa. Hata hivyo, asimamishwe mzee mwenyewe na kuulizwa mkono wake unapofikia. Kimoja kiwe kando ya choo na kingine mahali pa kuogea. Miguu yake izamishwe katika tofali kwa saruji, isibandikwe juu juu. Kabla mzee hajakitumia, kijana mwenye nguvu akining'inie kwa uzito wake wote.

La tatu ni kukaa. Hakuna ulazima wa mzee kuoga amesimama. Awekewe kiti au kigoda chenye miguu iliyotanuka na kuvishwa vipande vya mpira wa tairi chini yake. Viti vya plastiki vilivyochakaa vina hatari, kwa kuwa miguu yake hutanuka na kupasuka ghafla. Ndoo iliyojaa ina lita 20, yaani kilo 20. Mzee asiinyanyue wala asiiinamie. Atekewe nusu, na iwekwe juu ya tofali mbili au jukwaa dogo ili kopo lifike bila kuinama. Maji ya moto yachanganywe nje ya bafu, ya baridi yakitangulia, kisha mwenye kuyaandaa ayapime kwa kiwiko, kwa maana ngozi ya mzee ni nyembamba na huungua upesi. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe bafuni.

Kuhusu choo cha kuchuchumaa, ambacho ndicho kilichomo katika nyumba zetu nyingi, seremala aweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati kikawekwa juu yake. Kimo cha sentimita 45 hivi huwafaa wengi, ili mradi nyayo zikae sakafuni zote mbili. Kiti hicho kiache nafasi ya kutosha ya kujisafisha kwa maji, na kopo liwe mahali pasipohitaji kujinyonga.

La nne ni mwanga na mlango. Taa ya choo na ya ujia iwake kwa swichi iliyo karibu na kitanda au mlango wa chumba cha mzee. Na umeme ukikatika, tochi iwe chini ya mto wake. Mlango ufungukie nje, na komeo libadilishwe liwe la namna inayofunguka pia kutoka nje. Kizingiti kinachokwaza kisawazishwe au kipakwe rangi nyeupe kionekane. Vijijini, ambako choo kiko mbali uani, njia isafishwe mawe na mizizi, mbao za choo zilizooza zibadilishwe, na kamba imara ifungwe kwa nguzo kutoka mlangoni hadi chooni. Lililo bora zaidi kwa usiku ni chombo chenye mfuniko chumbani mwake, nasi watoto tukimwage asubuhi bila kukunja uso. Wao walitusafisha miaka mingapi?

La tano linahusu udhu. Kuinua mguu hadi kwenye sinki au chini ya bomba, hali umesimama kwa mguu mmoja, ndiko kulikomwangusha mama tuliyemtaja. Mzee na atawadhe ameketi. Aamkapo kwa Alfajiri au Tahajudi akae kwanza ukingoni mwa kitanda, avute pumzi kadhaa, kisha ainuke. Na yule ambaye maji yatamdhuru kwa ugonjwa wake, dini yetu imemruhusu kutayamamu. Wala asijione amepungukiwa, kwani ruhusa hiyo ni rehema ya Mola wake.

Ndugu zetu, ziko sababu mbili zinazofanya haya yasitendeke. Ya kwanza ni haya. Mtoto huona vibaya kuzungumza na baba yake habari za choo, na baba huona vibaya kukiri kwamba magoti yamemshinda. Basi hunyamaza wote wawili. Mzee huanza kupunguza maji anayokunywa ili asiamke usiku, akadhoofika. Huacha kwenda msikitini kwa kuchelea mahali pa kutawadhia. Nasi tunadhani ni uzee tu. Tumwendee kwa adabu, wana wa kiume kwa baba na mabinti kwa mama, na tusimwambie, "Baba, utaanguka," bali tumwambie, "Baba, tunataka kuitengeneza nyumba hii, tuelekeze unavyopenda." Heshima ya kuamua ibaki kwake.

Wengine hudhani kwamba vifaa hivi humvunjia mzee heshima. Ukweli ni kinyume chake. Mzee mwenye haya hakuna alichelealo kama kufika siku ya kuogeshwa na wanawe, na kila mwezi anaoweza kuoga mwenyewe ni sitara aliyohifadhiwa. Chuma kilichoshikizwa ukutani hakina macho. Anayekiweka analinda mifupa ya mzazi wake na stara yake kwa pamoja.

Sababu ya pili ni kwamba twaliona jambo hili kuwa dogo. Mtu hununua televisheni kubwa kwa ajili ya sebule ambamo wageni huketi, na kumwacha mama yake katika bafu lisilo na taa. Yule kijana alikuja kuweka vishikio baada ya ajali. Bomba na ujira wa fundi havikufikia hata nauli za teksi za kwenda na kurudi hospitali.

Twapenda pia kuwakumbusha wana kamati za misikiti. Mahali petu pa kutawadhia mara nyingi ndipo penye utelezi kuliko hata majumbani. Kila msikiti na uwe na viti vichache vya kutawadhia vilivyojengwa kwa saruji, kishikio ukutani, na sakafu ya kukwaruza. Mafundi waashi, maseremala na wachomeleaji tunao ndani ya safu zetu. Wakijitolea Jumamosi moja kwa mwezi, wataweza kuzipitia nyumba za wazee na wajane wasio na mtu wa kuwafanyia.

Na ikiwa mzee ameanguka, asinyanyuliwe kwa pupa kwa kuvutwa mikono. Aulizwe kwanza panapouma. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na umegeukia nje, yaelekea nyonga imevunjika. Apelekwe hospitali, asikandwe nyumbani. Aliyejigonga kichwa naye apelekwe, hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata kama anasema hajambo.

Mama yule bado yu hai, alhamdulillah, lakini husali amelala. Tulipokuwa kwake hakulalamikia maumivu. Alituuliza jambo moja tu, kama kitanda chake kimeelekezwa Kibla sawasawa. Leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja wetu na aingie katika bafu la mzazi wake, azime taa, asimame kwa mguu mmoja, na ajiulize atashika nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatumikia wazazi wetu kama apendavyo Yeye, awape afya walio hai na awarehemu waliotangulia. Amin.