Nyumba Zinazolia Usiku

Atokaye Geita kwenda Chato na Bukoba, afikapo Katoro huona jambo la kufurahisha: pande zote mbili za barabara mabati mapya yang'aa juani, na nyuma yake yamesimama maboma yasiyoezekwa, yakingoja mavuno au bahati ya mwenyewe machimboni. Mji huu umejengwa na watu wake wenyewe. Mwenye duka, mwendesha pikipiki, mkulima, mchimbaji wa Rwamagasa, kila mmoja ameweka tofali juu ya tofali kwa fedha ya jasho lake: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu bati. Wengi wao hawakukopa benki, wala hawana bima itakayowalipa. Ndiyo maana ufa mmoja ukutani kwao si jambo dogo.

Malalamiko tunayoyasikia ni yale yale. Jamaa wamehamia nyumba mpya wakati wa kiangazi, wamekula, wamelala. Usiku wa manane dari lalia, bati lagonga mara mbili tatu kama mtu arushaye mawe, na mbao zaguna. Haujapita mwaka, lipu imetoka michirizi, na pembeni mwa dirisha ufa umeanza kupanda. Mume asema fundi ameiba saruji. Fundi asema ardhi ni mbaya. Jirani, ambaye hakuulizwa, asema nyumba hiyo imetupiwa kitu.

Na tuanze na huyo jirani, maana maneno yake ndiyo ya hatari kuliko ufa wenyewe. Jua la mchana hulipasha bati moto hata lisishikike kwa mkono, nalo hutanuka. Jua likichwa na baridi ikaingia, bati hunywea, likavutana na misumari na mbao, na mlio hutoka. Kenchi zilizopigwa kwa mbao mbichi, kama ilivyo desturi ya wengi kwa kuwa mbao kavu ni ghali, hukaukia juu ya kuta, hujikunja na kulia. Sakafu iliyomwagwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa vema hutulia kidogo kidogo. Milio hii huzidi katika miezi ya kwanza, kisha hupungua. Hakuna jini ndani yake, wala hakuna bibi kizee aliyekesha juu ya paa.

Yatupasa kulisema hili wazi, kwa kuwa katika Shinyanga, Mwanza na Geita vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho yao mekundu, yaliyofanywa mekundu na moshi wa kuni wa miaka 50 jikoni. Mtu aliyetumia akiba yake yote katika nyumba, kisha akaiona inapasuka, yu tayari kuamini neno lolote. Akienda kwa mganga ataambiwa jina. Mganga hana timazi wala pima maji. Ana jina tu la kuuza.

Sasa turudi ukutani. Nyufa si za namna moja. Ufa mwembamba kama unywele, uliotapakaa juu ya lipu kama utando wa buibui, ni kukauka kwa saruji. Huzibwa siku ya kupaka rangi na habari yake huisha. Lakini ufa uanziao pembeni mwa dirisha au mlango, ukapanda kwa mshazari huku ukifuata viungo vya matofali kama ngazi, tena ukawa mpana upande mmoja kuliko wa pili, huo ni habari nyingine. Sehemu moja ya msingi imezama na nyingine haikuzama. Mara nyingi mlango uliokuwa ukifungika nao huanza kukataa. Mwenye nyumba na achukue kalamu ya risasi, aweke alama katika ncha za ufa, apime upana wake, aandike vipimo hivyo na tarehe pale pale ukutani. Atazame tena mvua zikija, na tena kiangazi. Usiposonga, na auzibe. Ukiipita alama au kupanuka, amwite mtu mwenye elimu ya ujenzi kabla ya kumwita mpaka rangi.

Wazee wa Kisukuma hawakungoja kufundishwa tofauti ya ardhi. Luseni, yaani udongo wa kichanga wa miinuko, waliujua kwa jina lake. Na mbuga, yaani udongo mweusi wa mabondeni, waliufanya wa malisho na majaruba ya mpunga. Udongo huo mweusi hunywa maji ya mvua ukavimba hata kuiinua sakafu. Kiangazi hunywea na kupasuka mianya ambayo mtoto aweza kutumbukiza mguu. Nyumba iliyo juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka. Leo viwanja vya miinukoni vimekuwa ghali, na kijana huuziwa kiwanja cha bondeni mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa ngumu kama jiwe, akachimba msingi wa kimo cha goti kwa sababu jirani naye alichimba hivyo. Kisha huezeka bila mifereji, na maji yote ya paa huanguka penye mguu wa ukuta. Mahali pa namna hiyo msingi hauna budi kushuka hadi ardhi isiyobadilika, au udongo ule uondolewe na kujazwa changarawe, na maji yaelekezwe mbali.

Kisha yako matofali. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una kiasi chake. Mwuzaji asiye mwaminifu huuvuta utoe matofali kupita uwezo wake, akayaacha juani bila kuyamwagilia, ingawa saruji yahitaji unyevu walau siku 7, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Mnunuzi mwenye haraka huyabeba siku ya tatu. Hatumlaumu mwuzaji peke yake: wako wenye nyumba wanaomkataza fundi kufunga mkanda wa zege na nondo juu ya madirisha ili wabakize fedha ya marumaru za sebuleni!

Aonaye kwamba haya ni mambo madogo na aukumbuke mkoa wa Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilibomoa na kupasua maelfu ya nyumba huko, na watu zaidi ya 15 wakafa. Zilikuwa nyumba za watu wa kawaida kama hizi za Katoro, na nyingi hazikufungwa kwa mkanda wowote.

Liko pia jambo la milipuko. Wakazi wa Nyamalembo na Katoma, karibu na mgodi mkubwa wa Geita ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2000, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba baruti inapasua nyumba zao. Sisi si wahandisi wa kuhukumu kila ukuta. Twajua hivi: mtu asiye na kumbukumbu ya nyumba yake ilivyokuwa kabla ya mlipuko ataambiwa kwamba alijenga vibaya, naye hatakuwa na jibu, hata ikiwa haki ni yake. Picha za kuta zote, zenye tarehe, ni silaha ya mnyonge, na simu zetu hupiga picha za harusi kila Jumamosi.

Tunalo ombi kwa Halmashauri na kwa Mamlaka ya Mji Mdogo wa Katoro. Mjenzi mdogo hakutani na afisa wa ujenzi ila siku anapowekewa alama ya X ukutani. Na apatikane fundi sanifu mmoja, siku moja kila juma, katika ofisi ya kata, atakayekwenda kutazama shimo la msingi kabla zege halijamwagwa, bila malipo au kwa ada ambayo kibarua aweza kuitoa. Wenyeviti wa vitongoji nao wayataje mabonde yasiyofaa mbele ya mkutano wa wananchi, ili mwuza kiwanja asipate kusema hakujua. Mvua za vuli huanza mwezi wa Oktoba, na misingi mingi huchimbwa Agosti na Septemba. Fundi huyo aanze kazi Julai.