Kwa nini ni vigumu kuwauzia wananchi serikali ndogo

Na Mwandishi Wetu

MACHI 2022, wakazi wa mji mdogo wa Croydon, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, walikutana kama ilivyo ada kupitisha bajeti ya mwaka ya shule. Waliopiga kura walikuwa 34 tu. Bajeti iliyowekwa mezani ilikuwa dola milioni 1.7. Mmoja wao akasimama na kutoa hoja kwamba ikatwe hadi dola 800,000, kwa maelezo kuwa kodi ya nyumba na ardhi imewaelemea wakazi na kwamba elimu bora haihitaji fedha zote hizo. Kura 20 zikaunga mkono, 14 zikapinga. Hoja ikapita.

Miezi miwili haikutimia, Mei 7, mji huo ukaitisha mkutano mwingine. Sheria ya jimbo ilitaka angalau nusu ya wapiga kura walioandikishwa wahudhurie, la sivyo uamuzi wa Machi ungebaki palepale. Walifika 379. Kati yao, 377 walitaka bajeti ya awali irudishwe yote. Waliopinga walikuwa wawili.

Tukio hilo la mji wenye wakazi wapatao 800 lingeweza kupita bila kutajwa nje ya mipaka ya jimbo lake. Lakini ndani yake mna swali linalovisumbua vyama na taasisi nyingi duniani kwa zaidi ya nusu karne sasa: je, wananchi wa kawaida wanaweza kushawishiwa waipunguze serikali yao kwa hiari yao wenyewe?

Wanaoamini kwamba inawezekana huitwa walibertaria. Imani yao, kwa ufupi, ni kwamba mtu ndiye mmiliki wa nafsi yake na jasho lake, na kwamba kazi halali ya serikali ni kulinda uhai, mali na mikataba. Yanayozidi hapo ni kumwingilia mtu katika mambo yake. Kwa mtazamo huo kodi ni unyang'anyi uliopewa jina zuri, ruzuku ni hongo ya wapiga kura, na leseni ya biashara ni ukuta uliojengwa na waliokwisha kuingia ndani ili wengine wabaki nje.

New Hampshire ni uwanja wao wa majaribio. Mwaka 2001, Jason Sorens, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale, aliandika makala akipendekeza walibertaria 20,000 wahamie jimbo moja dogo ili sauti yao isikike. Mwaka 2003 wenzake wakapiga kura na kuchagua New Hampshire, jimbo lisilotoza kodi ya mishahara wala kodi ya jumla ya mauzo, lenye kaulimbiu isemayo 'ishi huru au ufe', na ambalo baraza lake la wawakilishi lina viti 400 na mwakilishi hulipwa dola 100 kwa mwaka. Kiti cha namna hiyo mtu hukipata kwa kubisha hodi milangoni, si kwa mamilioni ya fedha. Februari 2016 waliotia saini ahadi ya kuhamia huko walifikia 20,000.

Mpango huo ni ungamo la kushindwa. Wahubiri wa fikra hiyo walikuwa wamezunguka Marekani kwa miaka 30 wakijaribu kuwabadili majirani zao. Walipoona hawabadiliki, wakaamua kubadili majirani wenyewe, yaani kukusanyika mahali pamoja watu ambao hawahitaji kushawishiwa tena.

Na kweli walikuwa wamejaribu. Chama chao, kilichoasisiwa Colorado mwaka 1971, kilipata mafanikio yake makubwa zaidi katika uchaguzi wa rais wa 2016, wakati mgombea wake Gary Johnson, gavana wa zamani wa New Mexico, alipopata kura karibu milioni 4.5, sawa na takriban asilimia 3.3. Hiyo ilikuwa baada ya kuulizwa katika televisheni kuhusu mji wa Aleppo uliokuwa ukiteketea kwa vita nchini Syria, naye akauliza Aleppo ni kitu gani. Mwaka 2024 mgombea wao aliambulia takriban kura 650,000.

Iko njia nyingine iliyojaribiwa kabla ya hiyo, nayo inaanzia kwa mfugaji wa kuku. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Antony Fisher, aliyekuwa rubani wa jeshi la anga, alisoma katika jarida la Reader's Digest muhtasari wa kitabu cha mwanauchumi Friedrich Hayek kinachoonya kuwa uchumi unaopangwa na serikali huishia kwenye utumwa. Akamfuata Hayek chuoni kwake London, akamweleza kwamba anataka kuingia bungeni. Hayek alimshauri aachane na siasa. Wanasiasa, kwa maoni yake, hufuata upepo. Wanaouvumisha upepo ni walimu, waandishi wa habari na watu wa vitabu, na hao ndio wa kushawishiwa kwanza.

Fisher akatii. Akatajirika kwa ufugaji wa kisasa wa kuku wa nyama, na mwaka 1955 akaanzisha mjini London taasisi ya utafiti wa masuala ya uchumi, ambayo fikra zake zilikuja kumfikia Margaret Thatcher. Mwaka 1981 akaanzisha mtandao wa Atlas wa kusaidia taasisi za aina hiyo katika nchi nyingine. Njia hii ilizaa matunda, lakini matunda yenyewe yalikuwa mawaziri na wahariri. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa. Aliamka asubuhi moja akakuta shirika la umma limeuzwa.

Afrika Mashariki nako mbegu hiyo ilipandwa. Mwaka 2001 Mkenya James Shikwati, aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari, alianzisha jijini Nairobi taasisi ya kutetea soko huria. Mwaka 2005 alitikisa Ulaya alipoliambia jarida la Ujerumani la Der Spiegel kwamba nchi tajiri ziache kuipa Afrika misaada. Inafaa kutazama jinsi alivyojenga hoja yake. Hakuanza na haki za asili za binadamu wala na nadharia ya thamani. Alianza na mahindi: shehena ya msaada inapoingia, sehemu yake huishia sokoni kwa bei ya kutupa, na mkulima aliyelima kwa jembe lake hukosa mnunuzi, kisha msimu unaofuata halimi. Mtu yeyote aliyewahi kuuza gunia sokoni anaielewa hoja hiyo, hata kama hakubaliani na hitimisho lake.

Hapo ndipo penye siri, kwa maoni ya mwandishi huyu. Watu hawashawishiki kwa falsafa; hushawishika kwa kero ambayo tayari wanaijua.

Tanzania yenyewe ni shahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi walipanga foleni kwa ajili ya sukari, sabuni na unga, na mwaka 1983 serikali ikaendesha msako dhidi ya wale iliowaita wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ikaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizitoa wapi. Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 na kuendelea kufungua milango, wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa. Hapakuwa na mhadhiri wa soko huria aliyezunguka Manzese au Kariakoo akigawa vipeperushi. Duka tupu lilikuwa limekwisha kuhubiri.

Mtu aliyeielewa siri hiyo kuliko wote ni Javier Milei wa Argentina, ambaye Novemba 19, 2023 alichaguliwa rais kwa karibu asilimia 56 ya kura dhidi ya Sergio Massa, waziri wa uchumi aliyekuwa madarakani. Ni mara ya kwanza kwa mtu anayejitangaza waziwazi kuwa mlibertaria kukabidhiwa nchi kubwa kwa kura.

Milei, mwanauchumi aliyezaliwa mwaka 1970, alikwisha kusoma vitabu vyote hivyo vya kina Hayek. Mbwa wake amewaita kwa majina ya wanauchumi. Lakini hakuviuza vitabu. Alianza kujulikana katika vipindi vya mijadala vya televisheni, ambako alifoka, akatukana na kuchekesha, na watazamaji wakaongezeka. Alipoingia bungeni mwishoni mwa 2021, akatangaza kuwa mshahara wake wa ubunge atauchezesha bahati nasibu kila mwezi, kwa maelezo kwamba fedha hizo zimeporwa kutoka kwa wananchi. Watu zaidi ya milioni moja wakajiandikisha. Huo ulikuwa mhadhara kuhusu kodi uliohudhuriwa kuliko yote katika historia ya fikra hiyo, na haukuwa na ukurasa hata mmoja.

Katika kampeni alibeba msumeno wa injini, ule wa kukatia magogo, na waliokusudiwa walikuwa vigogo: tabaka la wanasiasa aliloliita 'la casta'. Katika picha ya video iliyosambaa kwa vijana, anabandua ubaoni majina ya wizara moja baada ya nyingine na kuyatupa, huku akipiga kelele kwa Kihispania kwamba ziondoke.

Hata hivyo, msumeno peke yake usingefua dafu. Bei za Argentina ziliongezeka kwa asilimia 211 mwaka 2023. Kijana anayesambaza chakula kwa baiskeli, asiye na mkataba wala bima, alikuwa akisikia kila siku wanasiasa wakizungumzia haki za wafanyakazi ambazo yeye hajawahi kuziona. Zaidi ya hapo, mwaka 2020, wakati amri ya kutotoka nje kwa sababu ya korona imewafungia watu ndani na wengine wakikatazwa kuzika jamaa zao, mwenzi wa Rais Alberto Fernández alifanyiwa sherehe ya kuzaliwa katika makazi rasmi ya rais. Picha zilipovuja Agosti 2021, hotuba mia za Milei zisingeweza kufanya kazi iliyofanywa na picha moja.

Lakini mtu anayeshawishika kwa sababu ya hasira hajawa muumini. Amekubali kwamba hawa waliopo waondolewe. Hajakubali kwamba hospitali ifungwe.

Milei mwenyewe anaonekana kulijua hilo. Aliapishwa Desemba 10, 2023, akapunguza wizara kutoka 18 hadi tisa na kuishusha thamani ya fedha ya nchi kwa zaidi ya nusu ndani ya siku chache. Umaskini ukapanda hadi kufikia karibu asilimia 53 ya wananchi katika nusu ya kwanza ya 2024, kisha ukashuka hadi asilimia 38 katika nusu ya pili. Mfumuko wa bei ukapungua hadi asilimia 118 mwaka huo, na serikali ikapata ziada katika bajeti, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa zaidi ya miaka 10. Sehemu ambayo wafuasi wake wa nje hawapendi kuitaja ni kwamba Januari 2024 rais huyo anayeita kodi wizi aliongeza maradufu posho ya serikali kwa watoto wa familia maskini. Na benki kuu, aliyoapa kuifunga, ilikuwa ingali wazi wapiga kura waliporudi vituoni Oktoba 2025.

Aliposahau mpaka huo alikumbushwa. Aprili 23, 2024 mamia ya maelfu ya watu waliandamana Buenos Aires na miji mingine kutetea vyuo vikuu vya umma, ambavyo havitozi ada. Miongoni mwao walikuwamo waliompigia kura yeye. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria za kuongeza fedha kwa vyuo hivyo na kwa Garrahan, hospitali kuu ya watoto nchini humo. Milei akazitilia kura ya turufu, na Oktoba 2 Baraza la Seneti likakamilisha kazi ya kuifuta turufu hiyo. Siku chache baadaye, fedha ya Argentina ikiyumba, aliyemnusuru alikuwa serikali nyingine: Wizara ya Fedha ya Marekani ilimfungulia mkopo wa dola bilioni 20.

Wahubiri wa fikra hii wamegawanyika kuhusu tafsiri ya mambo hayo. Wapo wanaosema Milei ameuza imani kwa ajili ya kura, na kwamba heri wawili wa Croydon waliosimama peke yao mbele ya jirani zao wote kuliko mamilioni wanaopenda msumeno ukiwa mbali na matawi yao. Wapo wanaojibu kuwa wawili hao hawajampunguzia mtu hata senti moja ya kodi. Ugomvi huu una umri sawa na ushauri wa Hayek kwa Fisher, na hakuna dalili kwamba utakwisha.

Mwenye kutaka kuupima upande wowote anaweza kutazama kalenda ya Argentina. Oktoba 2, 2025 Seneti iliilinda hospitali ya watoto dhidi ya rais, watu wakashangilia mitaani. Oktoba 26, wapiga kura walikipa chama cha rais huyo huyo takriban asilimia 41, nafasi ya kwanza katika uchaguzi wa wabunge, huku karibu theluthi moja ya walioandikishwa wakibaki nyumbani, idadi ambayo haijawahi kuonekana tangu demokrasia irejee nchini humo mwaka 1983.