Maskini Naye Ana Meno

Ramadhani ikishaingia kumi la mwisho, mimi na wenzangu wa hirimu yangu tulioko Mombasa hufanya jambo moja. Hutoa simu mifukoni, tukawatumia mama zetu fedha za Idi, kisha tukapiga kuuliza kama zimefika. Mama hujibu kwamba zimefika, akatuombea dua ndefu, nasi tukaenda kufuturu kwa raha zetu. Tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu nchini mwetu mwaka 2007, sikumbuki kuwa nimepitisha Idi hata moja bila ya kufanya hivyo, na lau mtu angaliniuliza kama namtunza mama yangu, ningalimkunjia uso.

Tena mimi ni mtunga mashairi. Sifa za mama nimezitunga kwa mizani za kila namna, na mengine katika tungo hizo yalisomwa mbele za watu, wazee wakafuta machozi kwa ncha za vilemba. Mshairi husamehewa mengi, wasomaji wangu, lakini haya ninayotaka kuwasimulia leo mimi mwenyewe sijajisamehe.

Katika Ramadhani ya mwaka 1446, yaani Machi 2025, kazi niliyokuwa nikiitegemea ilivunjika ghafla nikajikuta sina la kufanya kwa siku tisa. Nataka ieleweke kwamba si wema uliyonipeleka Lamu, ni ukosefu wa kazi. Nikapanda basi la alfajiri. Njia ya Garsen na Witu mpaka Mokowe siku hizi ni lami. Zamani tulikuwa tukifika tumegeuka rangi ya udongo, hata mtu hamjui aliyeketi naye. Pale Mokowe nikavuka kwa boti, na kabla ya adhuhuri nilikuwa mlangoni kwetu naubusu mkono wa mama.

Mama yangu amepita themanini. Baba alitangulia mbele ya haki zamani. Dada yangu ndiye aliyekuwa akifanya kila kitu mle nyumbani, mpaka mumewe alipohamia Malindi akafuatana naye. Mimi na ndugu zangu tuliifurahia ile safari yake, tukamwombea heri, wala hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza: je, zile kazi sasa azifanya nani? Tulijua kwamba yuko msichana wa jirani ajaye asubuhi kufagia. Tukaona yatosha.

Siku mbili za kwanza nilikaa kama mgeni. Nilitandikiwa, nikaletewa maji ya kunawa, nikaambiwa nipumzike maana nimetoka safarini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mimi nilikuwa mgeni katika nyumba ile kwa zaidi ya miaka thelathini, na jembe sikupewa hata siku moja, wala sikuliomba.

Siku ya tatu nikaingia chooni kutawadha nikaliona birika limefanya ukungu wa kijani. Asiyezijua nyumba zetu nimfahamishe. Nyumba hizi za matumbawe na boriti, zilizofanya mji wa Lamu uandikwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zina birika la maji lililojengwa kwa chokaa, na ndani yake hufugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa wazee walikuwa wakijengea bakuli la kaure, ili maji yakichotwa yote visamaki vibakiwe na pa kukaa. Wageni wa ng'ambo huyapenda sana mabirika haya, huyapiga picha kwa wingi. Sijapata kuona picha ya mtu akilisugua.

Basi nikauliza ni nani alisuguaye, maana kila Idi nikumbukayo tangu utotoni lilikuwa jeupe. Mama akasema, "Ni mimi."

Nikavua shati. Kwanza nilivichota visamaki kwa kata nikavitia ndooni, nikayatoa maji, kisha nikainama, kichwa chini miguu ikining'inia, nikaanza kusugua kwa kumbi la nazi na mchanga. Haikupita robo saa, saumu ikaniambia neno. Kichwa kilizunguka, mgongo ukakaza, nikatoka nje nikakaa juu ya kizingiti kama mtu aliyetolewa baharini. Na mimi umri wangu ni hamsini na kitu tu. Mama aliponiona vile alicheka, kisha akaniambia, kana kwamba anisimulia habari za mtu mwingine, kuwa mwaka uliopita alipoinama alisikia dunia yote yazunguka, akaushika ukingo wa birika kwa mikono miwili mpaka ikatulia. Nikahesabu. Ile ilikuwa ni siku moja kabla ya Idi. Siku ile nilimpigia simu baada ya kufuturu, nikamuuliza hali, akanijibu, "Alhamdulillahi, sina neno."

Siku ya nne yake ikawa ni kuchambua mchele wa fitri, na hapo ndipo nilipoyaona ya kuonwa.

Sisi wafuasi wa Imamu Shafii twajua kuwa zaka ya fitri hutolewa kwa chakula cha watu wa mji, pishi moja kwa kila kichwa, nayo pishi ni vibaba vinne, sawa na kilo mbili na nusu hadi tatu kwa hesabu za masheikh mbalimbali. Mimi kwa uvivu nilikuwa nimemwambia mama kwenye simu, si mara moja, kwamba anunue mchele uliofungwa mifukoni, safi, akagawe hivyo hivyo. Naye huitikia vizuri, kisha akanunua mchele wa gunia kama alivyokuwa akinunua mama yake, akauchambua mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini ajipe taabu, na huku watoaji wengi hawachambui, alinijibu kwa Kiamu chake: "Fitri haitolewi mtele wenye mawe. Masikini naye ana meno."

Tukaketi uani juu ya mkeka, kila mtu na ungo wake. Alikuwa akienda upesi kuliko mimi, vidole vyake vikipita juu ya mchele kama vya mtu apigaye kinanda. Nikasema moyoni, tazama, mzee huyu bado ana nguvu zake. Kisha nikautazama ungo wake vizuri. Katika mchele alioupitisha yalibaki mawe, si moja si mawili. Na pembeni, katika takataka alizozitenga, zilikuwamo punje nzima nzuri.

Nilinyamaza. Nikangoja alipoinuka kwenda kusali, nikauvuta ungo wake, nikayatoa yale mawe haraka haraka kama mwizi. Aliporudi aliutia mkono, akatulia, kisha akaniambia bila ya kunitazama, "Umeupitia." Sikuweza kusema uwongo, na nilikuwa nimefunga. Nikamuuliza tangu lini haoni. Akaniinulia vidole vyake kumi. "Mato yangu ndiyo haya," akasema. Mwaka wa pili ule alikuwa akichambua kwa kugusagusa, na jiwe dogo humponyoka.

Nikamuuliza kwa nini hakutwambia. Jawabu lake lilikuwa fupi: hatukumuuliza habari za macho, tulimuuliza kama fedha zimefika.

Sasa ndugu zangu, nataka tuzungumze sisi wanaume wa pwani, na nawaomba radhi akina mama watuache kidogo. Aya ya 23 ya Sura ya Bani Israil sote twaijua kwa moyo, tuliichapwa fimbo chuoni mpaka ikaingia: kwamba mzazi akifikia uzee usimwambie hata "uff". Sisi twajisifu kuwa hatukuwaambia mama zetu neno hilo. Ni kweli. Hatukuwapo hata tukapata nafasi ya kuwaambia.

Kule chuoni tulifunzwa pia kuteka maji, kufagia barza na kumchukulia mwalimu mizigo yake sokoni, na tuliyafanya kwa furaha tukitafuta radhi. Lakini tukirudi nyumbani tukishika ufagio, shangazi hutufukuza: "Wewe mwanamume, toka jikoni!" Nasi tukatoka, tena mbio, wala hatukurudi. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimtungia bintiye, na habari za nyumba na usafi wake akamwachia yeye. Karne na nusu na zaidi imepita, na sisi tungali twafikiri wasia ule umeyamaliza mambo ya nyumbani, kwamba palipo na binti kazi ina mwenyewe. Lakini mabinti nao wameajiriwa, wameolewa mbali, wana mama wakwe wa kuwachambulia mchele. Aliyebaki nyumbani ni mama na ungo wake.

Na yule asemaye kuwa kazi za nyumbani zamvunjia mwanamume heshima, basi na anionyeshe heshima hiyo aliitoa wapi. Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, naye akajibu kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, mpaka wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Hadithi hii imo katika Bukhari. Nimeisikia ikitajwa mimbarini mara nyingi, na kila mara niliitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ni kazi nyepesi kuliko kuinama birikani.

Simlaumu aliye Muscat au Jeddah, ambaye ruhusa yake imo mkononi mwa tajiri wake. Huyo hana ila kutuma, na Mungu amkubalie. Lakini aliye Kisauni na mama yake yuko Mji wa Kale, kuna nini katikati yao illa daraja? Wako wanaovuka daraja lile kila jioni ya Ramadhani kwenda kununua viazi karai, wakapita chini ya dirisha la mama yao, wakapiga honi.

Wala simaanishi kwamba fedha hazina kazi. Nyumbani kwetu fedha zilikuwapo, tena za kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na mama juu ya mkeka akaona kuwa jiwe limebaki katika mchele.

Usiku wa kuandama mwezi (na mwaka ule pia, kama kawaida yetu, watu walibishana ni wa hapa au wa kwingine) tukapima fitri. Mama alishika kibaba, mimi nikashika mfuko. Nilipima cha kwanza nikakisawazisha kwa kiganja. Akakirudisha, akasema kibaba cha Mungu hujazwa kwa kilele. Akaipima pishi yake, kisha akapima ya pili. Nikamuuliza hii ya nani. "Yako."

Nikamwambia, mama, mimi hujitolea mwenyewe Mombasa kila mwaka, tena na ya mke wangu na watoto. Akaendelea kumimina. Kumbe tangu nilipoondoka kwetu nikiwa kijana, hakuacha hata mwaka mmoja kuitoa pishi yangu, kwa kuwa hakuwa na hakika kama huko niliko nakumbuka. Nikataka kumfafanulia mambo ya fiqhi, kwamba fitri ya mwana mzima mwenye uwezo haimpasi mamaye. Akanikata: "Basi itakuwa sadaka. Shika mfuko, wamwaga."

Nikashika mfuko. Tukazigawa usiku ule ule, mimi nikibisha hodi milango ambayo sikuibisha tangu utotoni, na katika kila mlango nikiulizwa mimi ni mwana wa nani.

Baada ya Idi nikaja naye Mombasa. Daktari alimtazama kwa dakika chache akasema ni mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho imefanya ukungu kwa ajili ya umri. Maradhi haya ndiyo yanayoongoza duniani kwa kupofusha watu, na tiba yake ni upasuaji mfupi: ile lenzi hutolewa ikatiwa nyingine ya kutengenezwa. Aliingia asubuhi, akatoka jioni na kitambaa juu ya jicho la kulia, akilalamika kuwa chai yao haina tangawizi. Kesho yake kitambaa kilipofunguliwa alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema nimezeeka.

Akakaa kwetu wiki tatu akarudi zake Lamu. Siku chache kabla ya Idi ya kuchinja nikampigia simu, nikamuuliza hali kama desturi. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha masikio yangu kwa lile neno la alhamdulillahi, sina neno.

"Nimelitazama birika," akasema. "Pembe ya nyuma hukuisugua kabisa."

Nikamwambia nitakuja Ijumaa.

"Ukiya," akasema, "twaa na miwani yako."