Mwanao Anapochora Nyumba kwa Kompyuta

Mama mpendwa, huenda mwanao amerudi kutoka shule akikuambia kwamba anataka kujifunza kuchora nyumba kwa kompyuta. Si ramani ile ya kulala kwenye karatasi tu, bali nyumba ya pande tatu, yenye urefu, upana na kimo, ambayo mtu anaweza kuizunguka na hata kuingia ndani, ingawa hakuna tofali hata moja lililokwisha kuwekwa. Na huenda baba yake amejibu kwamba huo ni mchezo kama michezo mingine ya kompyuta, na kwamba afadhali kijana ashike vitabu vyake. Jambo hili litazidi kutufikia sisi wazazi wa Mbulu na Hanang, kwa sababu tangu mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari nchini zimeanza mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi husoma masomo ya kawaida pamoja na fani za ufundi, ujenzi ukiwa mojawapo.

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni wauguzi, wala si wabunifu majengo. Lakini kazi yetu hutuingiza katika nyumba za watu, hasa tunapowatembelea wagonjwa. Tunakuta babu aliyepooza ambaye hajaliona jua kwa miezi, kwa kuwa mlango wa chumba chake ni mwembamba kuliko kiti cha magurudumu alichopewa. Tunakuta jiko limejengwa upande unaotoka upepo, na moshi wote unaingia katika chumba wanacholala watoto. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba moshi wa jikoni karibu huongeza mara mbili hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Nyumba hizo hazikujengwa na watu wabaya. Zilijengwa kwa fedha za mahindi, za vitunguu saumu na za ng'ombe waliouzwa kwa uchungu, na kasoro zake zilionekana baada ya kuta kufika kwenye linta.

Kwa nini hazikuonekana mapema? Tuseme ukweli, akina mama. Fundi anapotandaza ramani mezani, wengi wetu tunaitikia kwa kichwa tu. Mistari ile haituambii kitu. Hatuoni kwamba dirisha litatazama ukuta wa choo, au kwamba mtungi wa gesi na ndoo za maji havina mahali pa kukaa. Mwenye nyumba husema ndiyo, mke hunyamaza, na ujenzi huanza.

Hapa ndipo tunapoona faida ya somo hili. Mwanafunzi huanza kwa kuchora umbo la chumba kwa vipimo vyake halisi, tuseme mita 4 kwa 3. Kisha huivuta mistari hiyo juu hadi ikawa kuta za kimo anachotaka. Hutoboa mlango na madirisha, huweka kenchi na mabati, halafu huishusha picha mpaka kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Sasa mama anaweza kuitazama sebule kama aliye ndani yake. Akisema, "Mwanangu, mlango huu unafunguka ukigonga kitanda," kijana anauhamisha kwa dakika moja. Hakuna tofali lililovunjika, wala mfuko wa saruji uliopotea.

Mbinu hii si ya wenye fedha nyingi tu. Programu iitwayo Sweet Home 3D hutolewa bure, ni nyepesi kwa wanaoanza, na ikishawekwa hufanya kazi bila intaneti. Blender nayo ni ya bure, ila ni nzito na huhitaji uvumilivu. SketchUp hupendwa na walimu wengi kwa urahisi wake, lakini siku hizi ile ya bure hutumika kupitia intaneti, jambo ambalo ni gumu kwa shule ambayo mtandao wake huja na kutoweka. Kompyuta moja kwa wanafunzi watatu au wanne inafaa, mradi wapokezane, maana tumezoea kuona mmoja akishika panya kipindi kizima na wengine wakitazama. Mara nyingi anayeishika ni mvulana.

Juu ya mabinti tungependa kusema kidogo. Kazi hii haitaki misuli ya kubeba zege. Inataka jicho, hesabu na subira, na tena inataka mtu anayejua jikoni pakoje saa kumi na mbili asubuhi, wakati uji uko motoni na mtoto yuko mgongoni. Binti wa kidato cha pili analijua hilo kuliko kaka yake. Kwa hiyo usimwambie kwamba ujenzi ni wa wanaume. Bali uliza shuleni chumba cha kompyuta kinafungwa saa ngapi, ni nani anayebaki na wanafunzi jioni, na binti anarudi nyumbani au bwenini na nani. Na kwa macho yake, mfundishe kila baada ya dakika 20 ainue uso atazame mbali kidogo, nje ya dirisha.

Mwalimu mzuri hataanza na kompyuta. Ataanza na futi kamba, karatasi na boksi. Watoto wetu tangu zamani wamefinyanga nyumba za udongo na kuunda magari ya mabua, kwa hiyo mlango umekwisha funguliwa. Mwanafunzi apime darasa lake, alichore kwa kipimo cha moja kwa hamsini, yaani kila sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya ukuta, kisha alikate kwa boksi na kulisimamisha. Akiruka hatua hiyo, atachora kwa kompyuta chumba kizuri ambacho kitanda hakiingii. Tukumbuke kwamba Beda Amuli, Mtanzania aliyebuni Soko la Kariakoo lenye paa kama miavuli, lililofunguliwa mwaka 1975, alifanya kazi yake katika siku za kalamu na karatasi. Kompyuta haimpi mtu mawazo asiyokuwa nayo.

Ila inaweza kumwonyesha mambo ambayo karatasi huyaficha. Chukua jua. Mbulu na Katesh ziko kama nyuzi nne kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, na mwezi Desemba huwa kusini. Baadhi ya programu hizi, ukiziambia mahali, tarehe na saa, huonyesha kivuli kitaanguka wapi. Ninyi mnaokaa juu kule Mbulu mnajua baridi ya Juni na Julai. Dirisha la kaskazini litaingiza jua miezi hiyo, na chumba cha mtoto mchanga au cha bibi mwenye maumivu ya viungo kifae kuwa upande huo. Mwanafunzi wa jiografia atalielewa somo la mwendo wa jua kwa namna ambayo ubao haukuweza kumpa.

Hata mlango wa yule babu unapimika. Nafasi ya kupita iwe angalau sentimita 80. Na penye ngazi, pawekwe njia ya mteremko ambayo kwa kila sentimita 1 ya kimo huenda sentimita 12 mbele. Kibaraza chenye kimo cha sentimita 30 kinadai njia ya mita 3 na sentimita 60. Je, kiwanja kinatosha? Ni afadhali kujua kabla ya kuchimba msingi.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Mwaka uliofuata familia zilizopoteza makazi zilijengewa nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret. Hatutasema kwamba picha ya kompyuta ingeuzuia mlima. Lakini mwanafunzi wa Hanang anayejifunza kuchora nyumba bila kuchora ardhi inayoizunguka, huyo amefundishwa nusu.

Ardhi nayo huchorwa kwa pande tatu. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko ya nchi, na vipimo hivyo hupatikana bure. Mwalimu mwenye intaneti anaweza kuvipakua mara moja na kuwapa wanafunzi wauone mlima wao, wenye zaidi ya mita 3,400, ukisimama kwenye kioo cha kompyuta pamoja na mabonde yanayoshuka kuelekea mjini. Hata hivyo, vipimo hivyo huhesabu ardhi kwa vipande vya mita 30 hivi. Korongo la upana wa mita 5 halionekani humo, na korongo kama hilo laweza kubeba nyumba. Kwa hiyo darasa litoke. Litembee kwa miguu, lipime, na liwaulize wazee maji yalipita wapi katika mvua za miaka ya nyuma. Bibi aliyezaliwa hapo anajua kitu ambacho chombo cha anga hakikukiona, nacho kikishachorwa, kila mtu atakiona.

Tuongeze onyo moja. Kompyuta hukubali kila kitu. Itakuacha uning'inize paa hewani, au usimamishe ghorofa juu ya udongo wa kinamo, na haitalalamika. Kwa hiyo mchoro wa mwanafunzi ni wa kujifunzia na wa kuzungumzia nyumbani. Usiukabidhi kwa fundi aanze kuchimba. Kibali ni cha halmashauri, na jengo kubwa lataka mbunifu aliyesajiliwa pamoja na mhandisi.

Kama shule ya mwanao inatafuta zoezi la kwanza, sisi tungependekeza nyumba ya zamani ya Wairaqw, ile iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, yenye paa bapa la miti lililofunikwa udongo, watu na mifugo wakilala ndani pamoja. Zilizobaki ni chache. Kuna mengi ya kupima humo: kina cha shimo, nguzo zilivyopangwa, joto lilivyohifadhiwa, na moshi ulivyotoka, au ulivyokataa kutoka. Vijana waende na futi kamba pamoja na daftari, wachore, kisha warudi na kompyuta ya shule wamwonyeshe bibi mwenyewe kazi yao. Yeye atawaambia kama mahali pa ndama wamepaweka upande usio wake, nao watapahamisha akiwa anatazama.